Mtoto Asibaki Garini

Huku kwetu Kumsenga, milimani, upepo ni wa baridi, na baridi hiyo ndiyo inayotudanganya. Umefika gulioni na mchomoko, lile gari dogo la abiria, mtoto amelala kiti cha nyuma, unasema: namwacha, nanunua mafuta ya kula narudi.

Nje ni nyuzi joto 27 tu. Lakini jua hupenya vioo, likapasha viti na dashibodi, na joto hilo halipati pa kutokea. Baada ya nusu saa ndani ni kama nyuzi 45. Ukishusha kioo kidogo, tofauti ni ndogo mno. Na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wako, mama.

Septemba 2022, huko Qatar, mtoto wa miaka minne alisinzia kwenye basi la shule. Dereva na msaidizi wakafunga milango bila kukagua viti. Alifariki. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na hadi leo habari hiyo inaniuma.

Kwa hiyo dereva, kagua kila kiti. Nyumbani, funga gari hata likiwa tupu, maana watoto huingia kucheza.

Ukimkuta mtoto amezidiwa, mtoe, mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji, mpepee. Akiwa amezimia usimnyweshe chochote. Mkimbizeni zahanati huku mkiendelea kumpoza njiani.