Maelezo ya Usalama Kabla ya Kibali: Kazi ya Kuandikia Dawa za Kuua Vijidudu

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa wahitimu na wanafunzi, Kilema)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu, kwa sababu hata wenzangu wa darasa moja hawaijui vizuri. Wengine hudhani nauza sabuni. Kabla dawa ya kuua vijidudu haijaruhusiwa kuuzwa, mtengenezaji hana budi kupeleka serikalini jalada la maelezo: dawa ina nini ndani yake, ina nguvu kiasi gani, inaua vijidudu gani, na inaweza kumdhuru nani. Hilo swali la mwisho ndilo langu.

Dawa zenyewe mnazijua: maji ya klorini ambayo mhudumu wa zahanati husafishia sakafu, Jik ya kufulia nguo nyeupe, na vile vitakasa mikono vilivyowekwa kila mlangoni mwaka 2020.

Jalada hupelekwa wapi? Inategemea bidhaa. Dawa za kuua vijidudu za hospitalini na za mikono husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hadi mwaka 2019 ilikuwa TFDA. Kemikali zinazoingia kwa mapipa ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Viuatilifu vya mashambani, tulivyozoea kuvihusisha na TPRI ya Arusha, sasa vina mamlaka yake iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Shirika la Viwango nalo lina viwango vyake. Mtu asiyejua abishe mlango upi hupoteza miezi, na nimewaona wengi.

Moyo wa kazi hii ni karatasi ya usalama. Ina sehemu 16, kwa mpangilio wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Mpangilio ni uleule, uwe Japani au Himo. Daktari hufungua sehemu ya 4 kutafuta huduma ya kwanza, mzima moto sehemu ya 5, na dereva wa lori sehemu ya 14. Sitazitaja zote, chai itapoa.

Nichukue mfano mmoja ambao ninyi wa Kilema mtauelewa kuliko watu wa Dar es Salaam. Kitakasa mikono kinachofuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani kina ethanoli asilimia 80. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 17.5. Asubuhi ya mwezi Julai hapa Kilema, ambapo mnajifunika mablanketi mawili, dumu la dawa hiyo linaweza kuwa chini ya kiwango hicho. Literemsheni hadi stendi ya Moshi saa saba mchana, na mvuke uliomo ndani ya dumu hilohilo unangoja njiti ya kiberiti tu. Kwa hiyo mtu anapoandika katika sehemu ya 7, "hifadhi mahali penye ubaridi", namuuliza: ubaridi wa wapi? Andika nyuzi joto. Andika, isikae jikoni karibu na mafiga. Hapo muuza duka ataelewa.

Klorini nayo ina tabia yake. Huchoka. Jua na joto huipunguza nguvu siku hadi siku, hata kama chupa haijafunguliwa. Hesabu ni ya darasa la saba: dawa ya asilimia 3.5, ukitaka asilimia 0.5, unaweka kipimo kimoja cha dawa na vipimo sita vya maji. Sasa tuseme dawa ile imekaa dirishani hadi ikashuka kufikia asilimia 2. Kwa kipimo kilekile mhudumu anapata chini ya asilimia 0.3, na hana habari, maana harufu bado ipo. Anapangusa damu sakafuni akiamini ameua vijidudu. Ndiyo maana jalada hudai majaribio ya kuonyesha dawa hukaa muda gani katika joto letu. Majaribio yaliyofanywa katika baridi ya Ulaya hayatusaidii sana.

Tena klorini haitaki kuchanganywa ovyo. Ikikutana na dawa kali ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini yenyewe, ambayo hushambulia mapafu. Sehemu ya 10 ndipo jambo hili linapoandikwa. Mimi hudai liandikwe na kwenye lebo ya chupa pia, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwa vile anayesafisha choo hajapata kuiona karatasi ya kurasa nane.

Mtengenezaji mmoja, ambaye sitamtaja, aliniletea karatasi safi sana ili niitie sahihi ipelekwe haraka. Alikuwa na oda kubwa ya mashule. Nikaanza kuisoma. Namba ya simu ya dharura ilikuwa ya ng'ambo. Viambato vilivyotajwa havikulingana na majibu ya maabara yake mwenyewe. Tena dawa ilikuwa inajazwa katika chupa za maji ya kunywa zilizooshwa, zinazoonyesha ndani. Ameinakili karatasi ya kampuni nyingine, akabadilisha jina tu. Nikakataa. Akasema ninamnyima mkate, na kwamba hakuna mtu anayesoma karatasi zile. Oda ikampita. Hadi leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa mbali.

Nilimhurumia, maana ana watoto wanaosoma. Lakini dawa isiyo na rangi ndani ya chupa ya maji, ikiwa mezani, mtoto wa miaka mitatu hawezi kuitofautisha na maji. Na daktari atakayempokea usiku atafuata kile kilichoandikwa. Kama sehemu ya 3 inadanganya, tiba nayo inapotea njia. Huko Marekani, mwezi Mei na Juni 2020, watu 15 katika majimbo ya Arizona na New Mexico walilazwa hospitali baada ya kunywa vitakasa mikono vyenye methanoli, na wanne walifariki. Methanoli na ethanoli kwa macho ni ndugu pacha. Hata mzoefu wa mbege asijidai kuzitambua kwa pua.

Jambo jingine ni sehemu ya 12 na ya 13, za mazingira na utupaji, ambazo wengi huzijaza kwa mstari mmoja. Sisi tuna mifongo. Mtu akisuuza pipa la klorini mfongoni hapa juu, jirani wa chini anamwagilia migomba na kunywesha ng'ombe kwa maji hayohayo. Wazee wetu waliishi na mrututu wa kunyunyizia kahawa miaka mingi, na makopo yake matupu yalizagaa. Huwa naandika wazi: pipa lisisuuziwe kwenye mfereji, wala lisigeuzwe la kuhifadhia maji ya kunywa.

Kwa vijana mnaotaka kazi hii: Kemia na Biolojia mnazihitaji, ila Kiswahili fasaha kitawabeba zaidi ya mnavyodhani. Wako wakemia wengi wanaojua kwamba dawa huunguza jicho. Wanaoweza kuandika kwa maneno machache, "Osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ukilifungua kope, kisha nenda hospitali", ni wachache.

Karatasi tatu za mfano nimemwachia mwalimu wa Kemia. Mojawapo nimeiharibu kwa makusudi katika sehemu nne. Kidato cha nne wazitafute kabla ya chakula cha mchana, nami nitakuwa pale chini ya mti kusahihisha.