Kura ya Aliye Safarini

Twataka kusema nanyi habari ya kura ya mtu asiyekuwapo kwao. Tarehe 27 Novemba 2024 walichaguliwa wenyeviti wa mitaa. Mpiga kura ilimpasa ajiandikishe mtaani kwake baina ya tarehe 11 na 20 Oktoba, katika daftari ambalo silo lile la kudumu la uchaguzi mkuu. Wengi huyachanganya madaftari haya mawili.

Basi mchuuzi wa nafaka wa soko la Tandale, aliyekuwa Kibaigwa siku ile akinunua mahindi, kura yake ilipotea, ijapokuwa jina lake liliandikwa. Hakuweza kuileta kwa posta wala kumtuma ndugu ampigie. Uingereza njia zote mbili zipo. Hata Mkenya mkazi wa Dar es Salaam, aliyejiandikisha, alimpigia kura Rais wa nchi yake papa hapa mjini mwezi wa Machi 2013.

Twadhani kufika mwenyewe kwazuia hila, maana jirani hujulikana kwa uso. Lakini mwenyekiti huyo ndiye atakayemwandikia mchuuzi wetu barua ya utambulisho kwa miaka mitano. Wenye safari, ulizeni tarehe kabla hamjapakia mizigo.