Kungoja Si Kukaa Bure

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

Nawasalimu ninyi mliokusanyika katika vikundi vyenu, na wewe unayesikiliza peke yako, labda jikoni, labda kitandani kwa sababu ya ugonjwa. Kiongozi wa kikundi, tafadhali angalia kwamba kila mtu anasikia vizuri. Mwisho wa somo nitatoa maswali matatu ya kuzungumza.

Somo letu la leo ni juu ya kungoja. Hakuna mtu asiyelijua jambo hili. Yuko mama aliyeolewa miaka mingi naye hajapata mtoto. Yuko kijana aliyemaliza masomo, akapeleka barua za kuomba kazi, na majibu hayaji. Yuko mzee ambaye mwanawe aliondoka kwenda mjini na hajaandika. Watu huwaambia hao wote, "Subira huvuta heri." Ni maneno ya kweli. Lakini mtu aliyechoka, akiambiwa hivyo kila siku, huuliza moyoni mwake: "Subira yenyewe ni nini? Je, ni kukaa kimya tu?" Swali hilo ndilo tutakalolijibu leo, kwa imani ya Kikristo na kwa mambo ya nchi yetu hii ya Korogwe na Handeni.

Korogwe na Handeni ni majirani, lakini mbele ya maji hawafanani. Korogwe mto Pangani unapita. Handeni watu hutazama juu. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba la kuvuta maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe na kuyapeleka hata Handeni. Watu walifurahi sana. Lakini miaka ilipopita bomba lilichakaa, na mara nyingi wanawake wakarudi kwenye visima na malambo, kungoja zamu zao na ndoo mkononi. Kwa hiyo nikisema habari ya kungoja, mtu wa Handeni hahitaji kufundishwa maana yake. Huenda yeye ndiye mwalimu.

Tena ndugu wa Handeni anajua jambo la pili. Mvua za huko ni za misimu miwili, vuli na masika, na mara nyingi mmoja hukosa, au yote miwili. Wazee wa Uzigua walisimulia juu ya njaa ya miaka ya 1894 hadi 1896, nzige walipokula mashamba, na njaa nyingine ya miaka ya 1932 hadi 1935. Sasa fungueni Waraka wa Yakobo, sura ya tano. Yakobo anapotaka kuwafundisha Wakristo subira, hawaambii wamtazame mfalme wala askari. Anawaambia wamtazame mkulima, anayengojea mvua ya kwanza na mvua ya mwisho. Nchi ya Biblia nayo ilikuwa na mvua ya kwanza na mvua ya mwisho. Basi barua ile, ingawa iliandikwa mbali, mkulima wa Handeni huielewa upesi kuliko mtu wa mjini.

Tumtazame basi huyo mkulima. Je, anapongoja mvua amelala? La. Mwezi mzima kabla ya mvua yuko shambani. Anafyeka, anang'oa visiki, anachoma takataka. Wengine hupanda katika vumbi kavu, kabla tone moja halijaanguka. Jirani akipita huweza kucheka: "Unawapa panya chakula!" Lakini yule anajua kwamba mvua ikija na kukuta shamba halijalimwa, itakuwa imekuja bure. Hawezi kuileta mvua hata kwa siku moja. Anaweza kulitayarisha shamba. Hii ndiyo subira ya Kikristo: kazi ya Mungu kumwachia Mungu, na kazi yako usiiache.

Mfano wa jambo hili ni Yusufu. Aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ni miaka 13 ya utumwa na kifungo. Tena mnyweshaji wa mfalme, ambaye Yusufu alimsaidia gerezani, alipotoka alimsahau miaka miwili. Lakini someni vizuri: gerezani Yusufu alikuwa akifanya kazi, akiwatunza wafungwa wenzake, akiwauliza kwa nini nyuso zao zina huzuni. Hakusema, "Nitaanza kuwa mwaminifu siku nitakapotoka."

Kwa sababu hiyo, ndugu mgonjwa, usiache dawa ukasema unamngoja Mungu. Nenda hospitali, na njiani uombe. Kijana, usiache kujifunza kazi ya mikono kwa kuwa unangoja kazi ya ofisini. Hayo si upungufu wa imani. Ni kulima shamba kabla ya mvua.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi. Juu ya meko, katika nyumba nyingi za shamba, hutundikwa mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na wadudu. Njaa ikizidi, macho ya wote nyumbani huyatazama mahindi hayo. Kuyala ni kushiba leo na kukosa mwaka ujao. Kuyaacha ni kusikia mtoto akilia usiku. Matumaini ya kweli hupimwa hapo, si kanisani tunapoimba.

Je, tumwambie nini mama aliyeipika mbegu yake kwa sababu mtoto alikuwa karibu kufa? Tumhukumu kwamba hana subira? Hasha. Lililo sawa ni kumpelekea kibaba cha mbegu kutoka nyumbani kwetu. Maana Mkristo hakuambiwa angoje peke yake. Subira ya mmoja ikiisha, ya jirani na imsaidie.

Jambo hili lilionekana katika nchi yetu wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Misheni ya UMCA, yenye vituo Magila na Korogwe, ilikuwa ya Waingereza, na serikali ilikuwa ya Wajerumani. Basi walimu na mapadre Waafrika wa misheni hiyo walishukiwa kuwa wanawasaidia adui, wakakamatwa, na wengine wakapelekwa mbali hata Tabora. Mmoja wa watu wa misheni hiyo, Samuel Sehoza, aliandika habari za kifungo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1921, na jina lake ni Mwaka Katika Minyororo.

Fikirini hali yao. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni. Vita vikapita nyumbani kwao. Lakini wale waliopelekwa Tabora walikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, mpaka Wabelgiji walipouteka mji huo mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Mke aliye nyumbani aliona bendera mpya, na mumewe hakurudi. Hakuna barua, hakuna habari. Alipika, akalima, akalea watoto, akaomba. Kungoja kwake hakukuwa chini ya kungoja kwa aliyefungwa.

Katika siku zile wafungwa walifungwa shingoni, watu kadhaa katika mnyororo mmoja. Mmoja akianguka, wote husimama. Mwenye nguvu hawezi kukimbia na kumwacha mnyonge. Mnyororo ule ulikuwa wa ukatili, nao si kitu cha kusifiwa. Lakini yako mafungo mengine, ya upendo, ambayo Kristo ametufunga kwa hiari yetu, na kanuni yake ni hiyo hiyo: mwenzako akichoka kungoja, simama naye.

Mtu mmoja atauliza, "Na kama ninalolingoja halitakuja kamwe?" Ni swali la haki, wala sitalikimbia. Wako waliofungwa katika vita ile wasirudi. Wako mama wacha Mungu waliozeeka bila mtoto. Bwana Yesu mwenyewe, usiku ule Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee, nacho hakikuondoka. Alikinywa. Siku ya tatu Baba yake akampa uzima ambao mauti haiwezi kuushinda. Hapa ndipo tumaini la Mkristo linapoachana na bahati. Mtu wa bahati hutumaini jambo fulani, siku fulani. Siku ikipita, tumaini lake limekufa. Mkristo humtumaini Mtu, naye Mtu huyo yu hai. Anaweza kulia, anaweza kumwuliza Mungu mpaka lini, kama Zaburi nyingi zinavyouliza, wala hajaacha imani. Anayeuliza bado anazungumza na Baba yake.

Basi, ndugu zangu, tukumbuke mambo matatu. Kwanza, kungoja ni kazi. Lima shamba lako kabla ya mvua. Pili, usingoje peke yako, wala usimwache jirani angoje peke yake. Tatu, tumaini lako liweke kwa Mungu mwenyewe, si katika tarehe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kuna tofauti gani kati ya subira na uvivu? Toeni mifano ya kijijini kwenu.

2. Je, yuko mtu karibu nanyi ambaye amengoja muda mrefu na amechoka? Bila kumwaibisha, kikundi kinaweza kumfanyia nini juma hili?

3. Mtu akiomba miaka mingi asipate alichoomba, tumwambie nini, na tusimwambie nini?

Kabla ya kuachana, amueni nani atapeleka msaada kwa mtu wa swali la pili, na siku gani. Kwaherini, na Mungu awabariki.