Malaria Inapopanda Kichwani: Yale Mashine ya MRI Imetuonyesha

Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo usogee, maana leo nina jambo la kueleza polepole.

Mama mmoja wa upande wa Chwele alitupigia simu akauliza hivi: "Nimesikia kuna mashine inayotazama ndani ya kichwa na kuona malaria. Mwanangu mwaka jana alilala siku mbili bila kufahamu mtu. Mbona hakupelekwa kwa hiyo mashine? Na je, ataweza kusoma?" Hayo ni maswali mawili. La kwanza ndilo refu, tuanze nalo.

Mama, ili uelewe mashine hiyo inaona nini, lazima kwanza ujue damu inapita wapi. Mishipa mikubwa ya damu ni kama barabara ya lami ya kwenda Malaba, malori yanapishana. Lakini chakula na hewa havifikishwi mwilini na barabara ile. Vinafikishwa na vijia, kama vile vijia vya katikati ya mahindi ambamo mnapita mmoja mmoja. Mishipa hiyo ni myembamba sana hata unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuiliko kama mara kumi. Chembe nyekundu ya damu ikifika hapo hujikunja ndipo ipenye.

Sasa mdudu wa malaria anapoingia ndani ya chembe nyekundu, anaibadilisha ngozi yake. Inakuwa ya kunata. Ikifika kwenye kijia inashika ukutani na kubaki pale. Ni kama mtu aliyetua mzigo wa miwa katikati ya njia akaketi juu yake. Walio nyuma wote wanasimama. Hapo sehemu ya ubongo inakosa hewa na sukari, na mishipa inaanza kuvuja maji. Ndiyo maana nyakati nyingine damu iliyotolewa kidoleni huonyesha wadudu wachache, na mtoto yuko hoi. Wadudu wengi hawako kidoleni, wamejificha vijiani.

Kwa miaka mingi madaktari hawakuweza kuyaona haya kwa mtoto aliye hai. Walijua tu kwa kuchunguza wale waliokwisha kufariki. Hapo ndipo MRI inapoingia.

MRI si eksirei. Ni sumaku yenye nguvu sana, umbo lake kama pipa kubwa, na mgonjwa analala ndani yake bila kutikisika huku mashine ikigonga kwa kelele. Haimchomi, haimkati. Inachofanya ni kusikiliza maji yaliyomo mwilini, na mwili wetu sehemu kubwa ni maji. Kuna aina moja ya picha zake inayoitwa difusheni. Jaribu hili nyumbani: chukua gilasi ya maji yaliyotulia, dondosha tone moja la wino, usikoroge. Baada ya muda utakuta wino umesambaa wenyewe. Chembe za maji hazitulii, zinatangatanga. Hata mwilini mwako sasa hivi zinatangatanga.

Fikiria siku ya soko. Asubuhi na mapema watu ni wachache, unatembea utakavyo. Saa sita huwezi kuinua mguu. Maji ya mwilini ni hivyo hivyo. Seli za ubongo zikikosa hewa huvimba, nafasi kati yake inabanwa, na maji hayatembei sana. Lakini kama maji yamevuja tu kutoka mishipani yakajaa nje ya seli, nafasi ni pana na maji yanatembea zaidi. Picha ya difusheni huonyesha tofauti hiyo. Ni tofauti kubwa kwa mgonjwa, kwa sababu maji yaliyovuja yanaweza kurudi, lakini seli iliyokufa hairudi.

Na damu je? Mwaka 1986 daktari Mfaransa, Denis Le Bihan, alieleza jambo la kushangaza. Vijia vya damu vimeelekea kila upande, huyu kulia, yule kushoto, mwingine juu. Kwa hiyo ukitazama sehemu ndogo ya mwili kwa jumla, damu inayopita humo huonekana kama maji yanayotangatanga, ila kwa kasi zaidi. Mashine ikipima mara kadhaa kwa nguvu tofauti, sauti ya damu hupotea kwanza, na ile ya maji yaliyotulia hupotea polepole. Kwa kulinganisha hizo mbili, daktari hukadiria damu kiasi gani inatembea kwenye vijia, bila kumdunga mgonjwa dawa ya rangi. Watafiti wametumia kipimo hicho kwenye ini, figo, uvimbe wa saratani na ubongo. Nisikudanganye: hata katika nchi tajiri kipimo hiki cha damu bado kiko zaidi kwa watafiti kuliko wodini. Picha ya kawaida ya difusheni ndiyo inayotumika kila siku, hasa kwa watu waliopigwa na kiharusi.

Turudi kwa watoto wetu. Mjini Blantyre, nchini Malawi, kuna hospitali kubwa iitwayo Queen Elizabeth. Daktari Terrie Taylor na wenzake walifanya kazi huko miaka mingi, na kuanzia mwaka 2009 waliwapiga picha za MRI watoto waliozimia kwa malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto walikuwa 168. Waliofariki walikuwa 25, na katika hao 25, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya siku ile ile walipofikishwa. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda, fuvu ni gumu. Unasukuma chini, unabana ile sehemu inayoamrisha kupumua. Mtoto anaacha kupumua.

Lakini sikiliza upande wa pili. Waliopona walikuwa 143, na 39 kati yao nao walikuwa wamevimba vibaya walipofika. Picha za siku zilizofuata zilionyesha uvimbe ukishuka. Huko Rourkela, India, nako wagonjwa waliopona walionekana uvimbe wao ukipungua kwa siku chache. Ubongo uliovimba kwa malaria unaweza kurudi. Mimi nikisikia muuguzi au jirani akisema "huyu amekwisha" kwa sababu mtoto haamki, huwa nawakumbuka wale 39.

Basi mama wa Chwele, jibu lako. Hapa Sirisia hatuna mashine hiyo, ziko hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Lakini hata kama ingekuwa mlangoni, mwanao angepewa matibabu yale yale: sindano ya atesuneti, sukari ikiwa imeshuka, damu ikiwa imepungua, dawa ya kuzuia degedege. Kumsafirisha mtoto aliyezimia hadi mbali kwa ajili ya picha, kabla ya sindano, kungempotezea saa alizokuwa anazihitaji. Sindano hiyo ilipimwa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Kati ya kila watoto 100 waliopewa kwinini walifariki karibu 11. Waliopewa atesuneti walifariki kati ya 8 na 9. Tofauti inaonekana ndogo mpaka awe ni mtoto wako.

Kilicho mikononi mwako ni saa. Uvimbe ule wa Blantyre ulikuwa umekwisha kuanza mtoto alipofika mlangoni. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apimwe malaria siku ile ile, kituoni au kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako aliye na kipimo. Ikionekana, apewe dawa kamili ya siku tatu, hata kama siku ya pili anacheza mpira. Na ukiona hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, anapumua kwa shida, viganja vimekuwa vyeupe, mkojo una rangi ya chai ya mkandaa, au amelegea na kukuangalia kama hakujui, usingoje kukuche. Amsha jirani mwenye pikipiki. Wengine watakwambia ni jicho la mtu, kwanza apelekwe kwa mzee fulani. Mimi sitagombana na kukhu wa mtu redioni, lakini mzee huyo hana sindano.

Akiwa katika degedege mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe maji wala maziwa, usimshikilie kwa nguvu. Aliyezimia asilishwe chochote kwa mdomo, kitaingia kifuani. Aliye macho, mnyonyeshe njiani.

Kuna jambo moja tena ambalo huleta ugomvi wodini. Mama anafika, anaona mtoto wa jirani ametundikiwa chupa ya maji, wake hakutundikiwa, anaanza kulia kwamba ameachwa. Ng'ambo ya mpaka hapa, Mbale, na Soroti, na Kilifi, na hospitali nyingine za Uganda na Tanzania, walifanyiwa uchunguzi watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na damu yao haizunguki vizuri. Matokeo yalitoka mwaka 2011 na yaliwashtua madaktari wenyewe. Waliotiwa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi kuliko wale ambao hawakutiwa. Sisemi kuhusu mtoto anayeharisha na kukaukiwa, huyo hakuwemo, na maji ndiyo dawa yake. Lakini kwa malaria kali, daktari akitia maji polepole au asipotia, huenda ndivyo anavyomwokoa. Muulize sababu, akueleze. Hiyo ni haki yako.

Sasa swali la pili: ataweza kusoma? Watoto wengi huamka wakarudi kama walivyokuwa. Si wote. Kampala, katika hospitali ya Mulago, watafiti waliwafuata watoto waliopona malaria ya ubongo, na baada ya miaka miwili karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Wengine hupata kifafa baadaye. Kwa hiyo mtazame wako. Je, anasikia ukimwita akiwa amekupa mgongo? Anasahau alichotumwa kabla ya kufika dukani? Anakodoa macho ghafla na kunyamaza kidogo, kisha anaendelea? Mguu mmoja unaburuta? Ukiona mojawapo, mrudishe kliniki na kitabu chake, useme wazi kwamba mwaka jana alizimia kwa malaria. Mwambie na mwalimu pia, kabla hajamwita mvivu. Kama mdogo wake ametimiza miezi sita, mwulize muuguzi kuhusu chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, na akupe tarehe za dozi zote.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutajibu barua iliyotoka Malakisi kuhusu mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu. Huko nako tutarudi kwenye vile vijia.