Akamweleza Habari Yake Yote

Aliye na Biblia karibu na afungue Injili ya Marko, mlango wa 5, tangu mstari wa 25.

Mama yule alikuwa ametokwa na damu miaka 12, na mali yake yote imeishia kwa waganga. Alikuja kwa nyuma, maana kwa sheria ya Wayahudi alihesabiwa najisi, hata aliyemgusa pia. Akagusa vazi, akapona. Mambo yangaliweza kwisha pale, kimya kimya. Lakini Bwana alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa. Ndipo mama akaja akitetemeka, akamweleza yote. Angalieni neno hili: Bwana hakumwagiza Petro amsimulie. Alimwachia mwenyewe aseme kwa kinywa chake.

Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Uswidi, alirudi kwao Uganda akatangaza kwamba ana UKIMWI. Wengine walimcheka, wakasema anatafuta kuuza nyimbo. Akazunguka mashuleni na makanisani, mwili ukikonda mbele ya macho ya watu, mpaka akafariki Desemba mwaka ule ule.

Kisha yuko Kanoni Gideon Byamugisha wa Kanisa la Uganda. Mke wake alifariki mwaka 1991. Baadaye ikajulikana ni UKIMWI, na mwaka 1992 yeye mwenyewe akapimwa, akakutwa na virusi. Alikuwa mwalimu katika chuo cha theolojia. Siku zile dawa tulizo nazo leo hazikuwako, na mimbara nyingi zilisema ugonjwa huu ni mapigo ya Mungu juu ya wazinzi. Kasisi kijana, mjane mwenye mtoto, nani angemlaumu kwa kunyamaza? Yeye alisema. Wakubwa wake hawakumfukuza, nami nadhani jambo hilo ni kubwa sawa na ushujaa wake.

Sasa tuje kwetu. Iko desturi moja nami naiogopa. Mtu asimama katika mkutano wa maombi, asema, "Wapendwa, tumwombee dada fulani, ameanza kumeza zile dawa." Hayo ni masengenyo yaliyovikwa kanzu. Kabla jua halijatua habari imefika sokoni, kwa mwenye nyumba, na kwa wakwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya UKIMWI yakataza kutangaza hali ya mtu bila ruhusa yake. Yasikitisha kwamba Bunge lilikuwa na haya kuliko baadhi yetu tulio kanisani.

Na hasara yake si machozi tu. Leo mwenye virusi akimeza dawa kila siku, virusi hupungua hata kipimo kisivione, naye hamwambukizi mwenziwe katika ndoa. Akina mama wengi wanaotumia dawa wanazaa watoto wasio na virusi. Lakini dawa iliyofichwa chini ya godoro kwa kumwogopa mama mkwe hurukwa leo, ikarukwa na kesho. Aibu yetu yaweza kumwua mtu ambaye hospitali imekwisha kumpa uzima.

Basi, ndugu msikilizaji, akija mtu kwako na habari yake, msikilize mpaka amalize. Usimwulize aliupata wapi; Bwana hakumwuliza mama yule ugonjwa wake ulitoka wapi. Mwulize angependa nani mwingine ajue. Akisema hakuna, na iwe hivyo. Akitaka kusimama mbele ya kanisa, mzee wa kanisa asimame karibu naye.

Wakati ule wote Yairo alikuwa akingoja, naye ni mkuu wa sinagogi, binti yake yu karibu kufa. Bwana hakumharakisha mama yule. Alipokwisha kusema, alimwita binti yake.