Mtoto Asiyejibu Si Mkaidi

Mmetuuliza: binti yetu anataka kusomea mambo ya usemi na kusikia chuo kikuu, tumchangie karo?

Tuanze na kosa letu. Kule Subukia tulimwandika mtoto mmoja kuwa mzito wa akili. Miaka miwili baadaye akapimwa, kumbe ni masikio! Sasa anasoma kwa lugha ya ishara, na kwa hesabu anawashinda kaka zake.

Mchangieni. Makerere, kule Uganda, ilianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Mwanafunzi husoma jinsi sikio, ulimi na ubongo vinavyofanya kazi, na jinsi mtoto anavyojifunza kusema. Lakini mgeni akimsikia mtoto wa Kikuyu akisema "kurara" badala ya "kulala", aweza kumtibu bure, maana Kikikuyu hakina l. Binti wa hapa Nakuru anajua hiyo si ugonjwa, jamani.

Wakati tunamngoja amalize, mtoto asiyegeuka ukimwita akiwa amekupa mgongo, mpelekeni hospitali apimwe masikio. Msingoje aanze shule.