Habari Ziwafikie: Kutafuta Mababu Katika Matangazo ya Vifo, Makaburi na Tarihi

Aliyekulia Tanzania enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam anaikumbuka saa ile ambayo nyumba nzima ilinyamaza. Mtoto anayelia alitolewa nje, redio ikaongezwa sauti, na mtangazaji akaanza kusoma matangazo ya vifo. Ndugu fulani wa Sumbawanga anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Kisha ukafuata msururu: habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko Tabora, shemeji yake wa Korogwe, mtoto wa dada yake wa Kilosa, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Aliyetajwa alianza kutafuta nauli. Asiyetajwa alirudi kwenye sahani yake.

Dai la mhadhara huu limo katika msururu huo. Mtu anayetafuta mababu zake hukimbilia jina la marehemu, akalinakili na kuondoka. Utajiri uko kwa wanaopelekewa habari. Mle mna ramani ya ukoo: nani aliolewa mbali, nani alifuata kazi kwenye mashamba ya mkonge akaganda huko huko, tawi gani linahesabiwa na lipi limerukwa. Kurukwa nako ni habari. Ukoo wenye ugomvi wa shamba husomeka vizuri sana kwa majina ambayo hayakutajwa.

Kurasa za vifo za magazeti ya Kenya hufanya kazi hiyo hiyo kwa marefu zaidi. Marehemu huwa mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, mkwe wa fulani, na watoto wake hupangwa pamoja na kazi zao na miji wanamoishi, hata walio Marekani. Ila msomaji asidanganywe na maneno ya udugu. "Baba" katika tangazo anaweza kuwa baba mkubwa au baba mdogo, na "mtoto wa marehemu" anaweza kuwa aliyelelewa tu. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo majina mawili hupokezana vizazi na vizazi. Mtafiti mwenye haraka huwaona watu wanne kuwa wawili.

Pwani, jiwe lilitangulia redio kwa karne nyingi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na huko Gedi karibu na Malindi kuna kaburi lenye tarehe ya 802, sawa na 1399. Kunduchi na Kaole nguzo za makaburi zilipambwa kwa mabakuli na sahani za kaure kutoka Uchina. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu yake. Lakini mtafuta nasaba hana haja na kaure. Anatafuta neno dogo, bin au binti, na lile jina la mwisho linalotaja kabila au mji alikotoka mtu: al-Barawi wa Barawa, al-Lamuy wa Lamu. Jiwe lenye majina matatu yaliyofuatana kwa "bin" limeshampa vizazi vitatu kabla hajamuuliza mzee yeyote.

Hapa pana mtego wa hesabu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa jua, kwa hiyo karne moja ya Hijria ni miaka 97 tu hivi. Mjukuu anayesoma 1300 juu ya kaburi na kufurahi kwamba ukoo wake una zaidi ya miaka 700 pwani amejiongezea karibu 600: mwaka huo ulianza Novemba 1882.

Bara, jiwe ni jambo la juzi. Wahaya huzika kwenye kibanja, kati ya migomba, na kaburi hukumbukwa kwa sababu shamba linarithiwa. Shamba likiuzwa, ukumbusho huo huenda nalo. Ndiyo maana tarihi za wenyeji zina thamani. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi, watawala wa Usambaa, na mwaka 1954 Mathias Mnyampala akachapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Vitabu hivi visomwe kama shahidi anavyosikilizwa barazani, kwa kumuuliza kwanza alikuwa wapi. Abdallah alikuwa Mazinde, mtu wa Semboja, chifu wa huko, na baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai, Semboja alipigana na mrithi wake, Shekulwavu, aliyekalia kiti Vugha, makao makuu ya Wakilindi. Anayetoka ukoo wa Vugha asitarajie kukuta wazee wake wamesifiwa.

Ugogo, katikati ya Tanzania, ndiko matangazo, makaburi na tarihi hukutana. Wazee walikuwa wakijitambulisha kwa njaa waliyozaliwa nayo, na kubwa kuliko zote ni Mtunya, iliyoishika nchi mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ukaja juu ya maghala matupu. Mzee aliyesema amezaliwa wakati wa Mtunya alikuwa ametaja tarehe inayotosha kabisa: mwaka mmoja au miwili kabla au baada ya 1919.

Na baba yake je? Mara nyingi jibu ni maneno matatu: alikwenda na vita. Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake, yakiwemo ya Kiswahili, yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Jina lenyewe halipo hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 100,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Idadi yenyewe huenda ikapita 300,000. Lililobaki la wapagazi ni jina la Kiingereza la kikosi chao, lililogeuka Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako leo watu hupigania bei ya nyanya na vikapu.

Mpagazi hakutangaziwa kifo, kwa hiyo hakuna msururu wa waliopelekewa habari. Anayemtafuta hana budi kumwendea kinyumenyume: mjukuu aliyepewa jina lake, makaburi ya ndugu zake waliorudi, daftari la ubatizo kama kanisa lilikuwa limefika, na tangazo la kifo cha mtoto wake wa mwisho, lililosomwa redioni miaka 60 baadaye. Tangazo hilo liliandikwa kwanza kwenye karatasi, na katika baadhi ya nyumba nakala yake bado imo ndani ya sanduku la bibi, chini ya khanga, pamoja na stakabadhi za kodi.